Nichoree Kwangu

Dada yangu alitaka mwanga jikoni. Hakutaka zaidi ya hapo, na mpaka leo watu hawaniamini ninapowaambia kwamba yote yaliyofuata yalianzia kwenye jambo dogo kama hilo.

Jiko lao lilikuwa chumba chembamba upande wa nyuma, chenye kidirisha kimoja kilichotazama ukuta wa jirani. Mchana kweupe ulilazimika kuwasha taa ili ujue umetia chumvi au sukari. Dada alipika humo tangu aolewe bila kulalamika sana, kwa sababu siku nzima alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, na jikoni aliingia na kutoka. Ni fundi wa nguo anayeaminika. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wameolewa wakiwa ndani ya magauni aliyoyashona yeye.

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa mchoraji wa ramani za viwanja. Alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Mtaani walimwita Rula, na alipoambiwa alifurahi. Akitandika kitanda, shuka lilishuka sawasawa pande zote mbili. Akikata mkate, vipande vililingana kama vimetoka kiwandani. Miaka yote ya ndoa alitoka asubuhi na kurudi jioni, na mimi nadhani ndoa yao ilikaa vizuri kwa sababu hiyo. Walikutana wote wamechoka, wakala, wakaulizana habari za kutwa, wakalala. Kisha akastaafu.

Akawa kama mgeni ambaye haagi. Alikaa sebuleni akimtazama mkewe anavyoshona, na haikuchukua muda akaanza kumshauri. Alisema cherehani ina kelele. Alisema wateja wanaingia na viatu. Siku moja Dada alipokuwa sokoni alizipanga upya nyuzi zake zote kwa rangi, kuanzia nyeupe kwenda nyeusi, na Dada akatafuta uzi wa bluu mpaka machozi yakamtoka. Binti yao, ambaye anaishi mbali na hupiga simu kila Jumapili, alizisikia sauti za wazazi wake zikikatizana kwenye simu, akapata wazo. Akawaambia walitengeneze lile jiko. Watapata kitu cha kufanya pamoja, alisema.

Basi wakaamua kuvunja ukuta uliotenganisha jiko na sebule. Dada angepata mwanga wa dirisha kubwa la mbele, na shemeji angepata kitu cha kuchora. Jioni waliponionyesha mchoro walikuwa wamekaa bega kwa bega mezani, yeye akieleza, Dada akishikilia karatasi isikunjike, nikasema moyoni kwamba sasa mambo yamekaa sawa.

Fundi waliyempata alikuwa mwashi hodari ambaye watu walimwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Alikuja, akavunja nusu ya ukuta, akasimamisha boriti za kushikilia dari, akasema anakwenda kumalizia kazi kidogo mahali, atarudi kesho. Akapotea.

Aliyewahi kuishi ndani ya nyumba iliyovunjwa nusu hahitaji kuelezwa. Vumbi liliingia kwenye unga, kwenye godoro, kwenye magauni ya wateja. Masufuria yalihamia chumbani. Mifuko ya saruji ililala nao humohumo isije ikaloa. Jiko la gesi liliwekwa kwenye ujia, mbele ya mlango wa choo, na Dada akawa anapika amechuchumaa huku kila anayekwenda chooni akimruka. Anayekwenda chooni alikuwa shemeji, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Katika hali hiyo wakaanza kugombania vitu ambavyo hata havijanunuliwa. Sinki likae wapi. Vigae viwe vyeupe au vya rangi ya udongo. Kabati lifunguke kulia au kushoto. Siku moja nilimkuta shemeji amesimama juu ya kifusi na tepu ya kupimia, anakadiria kimo cha meza ya kupikia kwa kiuno chake mwenyewe, yeye ambaye tangu nimfahamu sijawahi kumwona akiosha hata kikombe. Dada alimuuliza kwa upole hiyo meza anampimia nani. Akajibu kwamba kuna vipimo vya kitaalamu. Dada akasema miaka yote hiyo alikuwa hajui kwamba anampikia mtaalamu. Mimi nilicheka. Wao hawakucheka, na hapo ndipo nilipojua hali imefika pabaya.

Neno lenyewe lilisemwa asubuhi moja, wote wawili wakiwa na vumbi kichwani, mimi nimewaletea maji kwa sababu bomba lao lilikuwa limefungwa. Dada alikuwa amempigia fundi simu alete vigae vyeupe. Shemeji naye, kwa siri, alikuwa amempigia alete vya udongo. Kesho hakuleta vyovyote. Kila mmoja akamlaumu mwenzake, wakaanza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka, wakafika mpaka kwa mama mkwe wa Dada, marehemu, ambaye kwenye suala la vigae hakuwa na kosa lolote. Mwishowe shemeji akasema, wala hakupandisha sauti:

"Nyumba hii niliichora mimi. Wewe ulikuja kukaa tu."

Mabati ya nyumba ile yalinunuliwa na cherehani. Madirisha pia. Mimi nilijua, na shemeji alijua kuliko mimi. Dada hakuyasema hayo. Alijipangusa mikono kwenye gauni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Basi nichoree kwangu," alisema.

Mtu mwingine angeomba radhi, au angetoka akazunguka mtaani mpaka hasira imtoke. Shemeji alivuta kiti, akatandaza karatasi, akachonga penseli, akaanza kuchora.

Tulidhani yataisha. Kaka yetu mkubwa aliitwa aje kusuluhisha. Alikaa nao, akawasikiliza kwa zamu, akakohoa, akaomba auone huo mchoro. Aliutazama sana. Kisha akasema kwamba mlango wa upande wa Dada ukifunguka kwa nje utapigwa na mvua, heri ufungukie ndani. Shemeji akakiri kwamba hilo lilimpita, akafuta, akarekebisha, na Dada akasema ahsante. Nilipomsindikiza kaka barabarani nilimuuliza huo usuluhishi umefanyika saa ngapi. Alisema hajawahi kuona watu waliokubaliana kiasi kile.

Na kweli walikubaliana. Hakuna aliyetaka talaka, wala hakuna aliyetaka kuhama. Dada alisema wateja wake wanamjua pale. Shemeji alisema hana pa kwenda. Mstari ulipita katikati ya sebule na kulikata dirisha kubwa la mbele nusu kwa nusu. Jiko lilibaki kwa Dada. Choo cha ndani kilibaki kwa shemeji, na Dada angetumia kile cha uani kilichochimbwa enzi nyumba inajengwa. Mlango wa mbele ulikuwa wa shemeji. Dada angetobolewa wake ubavuni. Binti yao alipoambiwa kwenye simu alilia, akasema yeye alimaanisha wapake rangi tu.

Kesho alirudi siku aliyotaka mwenyewe. Alikuta matofali aliyoyavunja yamepangwa uani vizuri, mazima upande mmoja na vipande upande mwingine. Akasimama na nyundo mkononi, akauliza aendelee kuvunja palepale alipoishia au vipi.

"Unajenga," shemeji alimwambia.

"Najenga wapi, mzee?"

Akaonyeshwa mstari wa chaki sakafuni. Kesho aliutazama, akamtazama shemeji, akamtazama Dada aliyekuwa anashona amewapa mgongo. Akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani, akaanza kuchanganya saruji. Matofali yaleyale yaliyotolewa ili mwanga uingie jikoni yakaenda kusimama katikati ya sebule. Tukiwa wakweli, Dada alipata mwanga wake. Alipata wa nusu dirisha.

Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, na upande wa Dada haukupigwa plasta kwa sababu plasta ilikuwa ya kesho. Kila kitu kilisikika. Shemeji akikohoa, Dada alijua. Dada akiangusha mkasi, shemeji alijua. Lakini kwa miezi mingi hawakusemezana humo ndani. Wakikutana getini walisalimiana kama majirani.

"Habari za huko?"

"Njema. Za huko?"

Na kila mmoja anakwenda mlangoni kwake. Sisi wengine tukawa tunapata tabu. Ukienda kumwona Dada, lazima upite na kwa shemeji asije akasema umechagua upande, kwa hiyo unakunywa chai mara mbili, na ya shemeji ilikuwa mbaya.

Mvua zilipoanza, Dada akawa anakwenda chooni na mwavuli, ameshika gauni, anaruka madimbwi. Siku moja Kesho akatokea bila kuitwa, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo kutoka mlango wa Dada wa ubavuni mpaka uani, na kuezeka juu. Dada akamuuliza ametumwa na nani.

"Nimeambiwa nisiseme," Kesho alijibu, "ila amesema upana utoshe mtu na ndoo."

Dada hakuvuka upande wa pili kushukuru. Lakini alikuwa ameona kwamba shemeji anavaa na kuvua mbele ya barabara nzima, kwa kuwa pazia la lile dirisha lilibaki lote upande wa Dada. Akashona jipya, zito, lenye pindo mbili, akalitundika kwenye kitasa cha mlango wa shemeji alipokuwa ametoka. Wiki iliyofuata seremala akaleta meza ya kupikia. Ilimfika Dada kiunoni barabara, na hakuna aliyekuwa amempima. Dada aliiegemea na mikono yote miwili, akaniambia nimpishe kidogo, ana kazi.

Nilimwambia waziwazi kwamba sasa wanajisumbua bure. Watu wanaotumiana meza wanaweza kula kwenye meza moja. Alifikiri, akanijibu kwamba akiwa na yule bwana chumba kimoja anasikia anayoyasema, ila akiwa huku anasikia anayoyafanya, na anaona huku ni nafuu.

Baadaye wakaanza kuzungumza, lakini kupitia ukutani. Ilianza na taarifa ya habari. Shemeji alikuwa na mazoea ya kubishana na redio, na jioni moja Dada, bila kusimamisha cherehani, akamjibu. Kisha shemeji akabisha tena, safari hii kwa sauti ya kutosha kupenya tofali. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Walibishana kila jioni, yeye kwenye kiti chake, Dada kwenye cherehani yake, migongo ikikaribia kugusana na ukuta katikati. Nilikuwepo mara moja Dada alipouliza:

"Umekula?"

"Nimekula."

Dada akanitazama. Hakukuwa na harufu yoyote ya chakula kutoka huko. Akapakua, akafunika, akazunguka nje, akaiacha sahani kizingitini kwa shemeji na kurudi. Asubuhi sahani ilikuwa mlangoni kwa Dada, imeoshwa. Haikuwa imeoshwa vizuri, mafuta yalibaki ukingoni, lakini Dada aliigeuzageuza mkononi kana kwamba ni kitu kigeni alichouziwa.

Wangeendelea hivyo, na mimi nilishaacha kuwasumbua. Kisha asubuhi moja redio haikuwashwa. Dada alikaa kwenye cherehani akingoja aisikie, akapitisha mshono mmoja, akasimamisha. Akagonga ukuta kwa mkasi. Hakuna aliyejibu. Akagonga tena, na chini kabisa, karibu na sakafu, akasikia kitu kinakwaruza.

Mlango wa shemeji ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa komeo alilolipima na kulifunga mwenyewe. Nilifika nikamkuta Dada anausukuma kwa bega. Nilimpigia Kesho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaja wakati uleule, shati amelivaa ndani nje, akaung'oa mlango na bawaba zake. Shemeji alikuwa chini, ubavu ameulaza kwenye ukuta, macho wazi. Alitutambua. Mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja.

Hospitali walisema ni kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, pamoja na mkono aliochorea maisha yake yote, na maneno yalikuwa hayatoki. Baada ya muda walimruhusu. Binti alikuja, akakaa, akaitazama ile nyumba, akalia upande huu na akalia upande ule, akarudi kwenye kazi yake. Dada akahamisha godoro lake. Cherehani aliiacha, na jiko lenyewe, pamoja na ile meza yake, halihamishiki, kwa hiyo kila alichopika alikitoa kwa mlango wa ubavuni, akazunguka pembe ya nyumba, akapita mbele ya dirisha, akaingia kwa mlango wa shemeji. Uji ulifika umepoa. Maji ya kuogea yalifika vuguvugu. Mvua ikinyesha alifunika bakuli kwa sufuria na sufuria kwa kanzu kuukuu ya shemeji, mwenyewe akaloa.

Nilimuuliza kama amemsamehe. Alisema hasira haijaisha, anamwogesha nayo hivyohivyo.

Wakati fulani shemeji akaanza kuonyesha kwamba anataka kitu. Alitoa macho, alipiga godoro kwa mkono mzima, na kila tulichompa hakikuwa chenyewe. Nikakisia penseli. Tukaweka karatasi juu ya sinia, akashika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa chekechea. Ilimchukua muda mrefu, jasho linamtoka. Alichochora kilikuwa kisanduku kirefu, kilichoinama, upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Dada alidhani anachora jeneza, akamnyang'anya penseli, akamwambia akome. Shemeji akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono, akagusa ukuta, akagusa karatasi, akagusa ukuta tena.

Dada alikaa kitandani.

"Unataka mlango," alisema. "Hapa."

Shemeji akafumba macho na kuyafumbua.

Tulimpigia Kesho palepale. Alisema kesho.

Hakukusudia ubaya, alikuwa juu ya paa la shule, na mvua ilimharibia ratiba. Lakini shemeji aliungoja mlango ule kwa macho. Geti likilia aligeuza shingo. Dada alikuwa ameshalisogeza kasha la nyuzi na meza ya kukatia nguo mbali na ukuta upande wake ili fundi apate nafasi. Alikuwa hata amekubali kwamba kizingiti kiwe cha rangi ya udongo.

Shemeji alifariki mchana, siku ya kawaida isiyo na mvua. Dada alikuwa amemwambia anakwenda kumletea chai. Aliikoroga jikoni, akatoka kwa mlango wa ubavuni, akazunguka pembe, akapita mbele ya dirisha. Alipoingia, shemeji alikuwa ameshaondoka. Aliniambia kwamba alipopita dirishani alisikia kama pumzi, akadhani anamsalimia, na hakusimama kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Msiba ulifanyika pande zote mbili. Wanaume walikaa kwa shemeji, wanawake kwa Dada, na waliotoka mbali waliingia mlango usio wao, wakaanza upya. Kesho alikuja na tindo na nyundo kwenye mfuko, akasimama getini, hakuthubutu kuingia. Mtu mzima yule alikuwa analia waziwazi. Baada ya mazishi, watu walipopungua, Dada akamfuata palepale.

"Ingia, fundi. Kazi yako iko ndani."

Kaka yetu alisema haifai, kelele za nyundo na mtu bado hajapoa. Dada akamwambia aliyekuwa anachukia kelele hayupo. Akampa Kesho ile karatasi. Kesho aliigeuza huku na huku, akasema kwa heshima kwamba hapa mzee mkono ulimchezea, atanyoosha kidogo, mlango usimame wima.

"Toboa kama alivyochora," Dada alisema.

Akatoboa hivyo. Ni uwazi uliolalia upande, mwembamba juu, na mtu mrefu lazima ainame. Haukuwahi kuwekewa ubao kwa sababu hakuna seremala anayeweza kutengeneza ubao wa umbo lile. Binti anasema nyumba iuzwe, na madalali wawili waliokuja kuitazama walisimama mbele ya lile tundu, wakaulizana kwa macho, wakaaga. Dada haiuzi. Anashona upande mmoja na kulala upande mwingine, na jioni huwasha redio huko kwa shemeji, halafu anarudi kwenye cherehani kuisikiliza.

Wiki iliyopita nilimkuta nje, kwenye pembe ya nyumba, amesimama na kikombe cha chai mkononi, manyunyu yanamwangukia. Nikamuuliza kulikoni, si apite ndani. Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Akasema bado hajazoea. Mara nyingi hujikuta ameshazunguka.